Chuo cha Gemu Kilinipa Nilichokikosa Mtandaoni

Kila kijana anaponiuliza kama kuna haja ya kwenda chuo kusomea utengenezaji wa gemu, huwa najua swali la pili litakalofuata: si kila kitu kipo bure mtandaoni? Ni kweli kipo. Injini, yaani programu za kutengenezea gemu, zinapakuliwa bure, video za mafunzo hazihesabiki, na ukikwama kwenye mstari wa msimbo saa nane za usiku, kuna mtu mahali fulani alishakwama hapo hapo akaandika alivyojinasua. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Niliingia chuoni nikiwa tayari naweza kumfanya mhusika atembee, aruke na apige. Sasa nimemaliza, nina muda kwenye kazi hii, na bado nasema bila kusita kwamba kozi ile ilinifaa. Ilinifaa kwa sababu ambayo haikuwa kwenye kipeperushi chochote cha chuo: ilinizungushia watu waliocheza gemu zangu mbele ya macho yangu, wakaushika msimbo wangu na kuupindua, wakaniuliza kwa nini nimefanya hivi na si vile. Hicho ndicho nilichokikosa nilipokuwa najifunza peke yangu chumbani.

Wengi tulioingia mwaka ule tulikuwa wachezaji hodari. Tulizijua gemu kwa majina, kwa miaka na kwa kampuni zilizozitoa. Mwalimu wa somo la kwanza la programu hayo hakuyagusa. Alitupa mraba mweupe kwenye skrini nyeusi akatuambia tuufanye uende kulia. Ulipokwenda, alituambia tubadilishane kompyuta. Maabara ilikuwa na mashine kongwe na mashine mpya, na mraba ule ule, kwa msimbo ule ule, ulijikokota kwenye moja na kuchomoka nje ya skrini kwenye nyingine. Darasa zima lilishangaa, naye alisubiri tushangae ndipo akaanza kufundisha.

Alichotufundisha siku hiyo ndicho moyo wa gemu yoyote. Ndani yake kuna mzunguko usiokoma: unasoma vitufe alivyobonyeza mchezaji, unakokotoa dunia ya gemu imebadilikaje, unachora picha, kisha unaanza upya. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 tu za kumaliza yote hayo kabla ya fremu inayofuata. Kompyuta yenye nguvu, isipozuiwa, huzunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo ukiandika "sogea hatua tano kila mzunguko", mwenye mashine mpya anapata mhusika mwenye kasi kuliko wa jirani yake. Dawa yake ni kuuzidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Mstari huo mmoja nilikuwa nimeunakili mara nyingi kutoka kwenye mafunzo ya mtandaoni, na ukafanya kazi, basi nikaendelea mbele. Nilikuja kuuelewa pale tu nilipouona mraba wangu ukikimbia kwenye mashine ya mwenzangu.

Mwalimu yule alipenda kututolea mfano wa Space Invaders, gemu ya mwaka 1978 iliyotengenezwa na Tomohiro Nishikado. Mashine ya wakati ule ilielemewa na kuchora kundi lote la maadui, kwa hiyo walitembea polepole. Kadiri mchezaji alivyowaua, kazi ya kuchora ilipungua, na waliobaki wakaongeza kasi. Nishikado angeweza kuirekebisha hali ile, lakini aliona jinsi ilivyompandisha mchezaji presha, akaiacha. Mpaka leo gemu nyingi zinaongeza ugumu kadiri mchezo unavyosonga. Mwalimu alikuwa akiusisitiza mfano huo kwa jambo moja: uamuzi ule ulifanywa na mtu aliyeicheza gemu yake na kujisikiliza, kabla ya kuamua kipi ni kasoro na kipi si kasoro.

Hisabati ilitupunguza. Nasema hivi kwa masikitiko kwa sababu baadhi ya walioacha walikuwa na vipaji vikubwa vya ubunifu, na nadhani wangebaki kama somo lingeanza kwenye gemu badala ya ubaoni. Vekta, kwa mfano, yaani kiasi chenye ukubwa na upande. Mhusika anayekwenda kulia kwa kasi ya 1 na juu kwa kasi ya 1, mchezaji akibonyeza vitufe vyote viwili pamoja, atakwenda mshazari kwa kasi ya takriban 1.414, na wachezaji wajanja watakimbia mshazari gemu nzima. Ukimwonyesha mwanafunzi hilo, kanuni ya Pythagoras haimtishi tena. Vivyo hivyo mlinzi anayetakiwa amwone mchezaji akiwa mbele yake tu na asimwone akiwa mgongoni. Unachukua vekta ya upande anaotazama mlinzi, unachukua vekta ya kutoka kwa mlinzi hadi kwa mchezaji, unazizidisha kwa namna inayotoa namba moja. Namba ikiwa chanya mchezaji yuko mbele, ikiwa hasi yuko nyuma. Nilipoliona hilo likifanya kazi, nilirudi kwenye daftari la hisabati kwa hiari yangu.

Zoezi lililonifungua macho kuliko yote lilikuwa la kuruka. Kila mmoja alitengeneza mhusika anayeruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, kisha tukabadilishana viti. Dada aliyekaa kwenye kiti changu alianguka, akarudia, akaanguka tena, akaniambia, "Nimebonyeza. Gemu yako ndiyo imekataa kuruka." Mwalimu alisikia, akaja. Hakumkubalia yeye wala mimi. Aliniagiza niongeze msimbo mfupi unaoandika kwenye faili wakati kitufe kinapobonyezwa na wakati mguu wa mhusika unapoacha ukingo wa jukwaa. Dada alipocheza tena, tukalifungua faili lile sote watatu. Alikuwa anabonyeza fremu mbili au tatu baada ya mguu kutoka. Kwa hesabu za kompyuta mhusika alikuwa keshakuwa hewani, na aliye hewani haruki. Kwa macho ya mchezaji alikuwa bado ukingoni.

Mwalimu aliuliza, "Sasa nani tumwamini?" Halafu akajibu mwenyewe: mchezaji, kwa sababu kompyuta haichezi gemu.

Suluhisho lina sehemu mbili ndogo. Mhusika anaruhusiwa kuruka kwa kitambo kifupi hata baada ya kuuacha ukingo, na kitufe kikibonyezwa kabla kidogo ya kutua, gemu inakikumbuka na kumrusha mara tu anapogusa chini. Gemu ya Celeste ya mwaka 2018, inayosifika kwa ugumu, imejaa huruma za namna hii, na waliotengeneza walizieleza hadharani. Mchezaji hajui kwamba amesaidiwa, anachohisi ni kwamba vidole vyake vinamtii. Nilipozitia kwenye gemu yangu nikamwita dada yule ajaribu, alivuka majukwaa yote mfululizo akasema, "Hii ndiyo." Tangu siku hiyo, mtu akiniambia gemu imemnyima kitu, sibishani naye. Natafuta kilichomfanya ahisi hivyo.

Kuanzia muhula uliofuata tulipewa kanuni ya kupima gemu kwa wachezaji. Unasimama nyuma ya mchezaji, daftari mkononi, mdomo umefunga. Humwelekezi, humpongezi, hata akikuuliza unamjibu afanye anavyoona. Hakuna mafunzo magumu kama hayo. Kikundi chetu kilimwalika mwanafunzi wa uhasibu ambaye hakuwahi kushika kidhibiti cha gemu. Kwanza alikigeuza geuza atazame vitufe viko wapi. Kisha akamtembeza mhusika hadi kwenye chumba cha kwanza, akasimama. Mlango ulikuwa mbele yake. Juu ya skrini tulikuwa tumeandika kwa herufi kubwa kitufe cha kufungulia mlango. Hakuyatazama maandishi yale hata mara moja, na mlango wenyewe ulikuwa na rangi ya kahawia ile ile ya ukuta. Alizunguka chumba, akagusa kila pembe, akarudi alikoingilia. Mwenzangu aliyechora chumba kile alikuwa ameng'ata kalamu, macho yamemtoka, na hakuruhusiwa kusema neno.

Baada ya hapo hatukuongeza maandishi. Tuliweka taa ndogo ya manjano juu ya mlango, na kabla ya chumba kile tukaweka mlango mwingine unaofunguka wenyewe mhusika anapousogelea, ili mchezaji ajue kwamba katika dunia hii chenye taa ya manjano hufunguka. Mgeni aliyefuata alipita bila kusimama. Mwalimu wa ubunifu akatufungulia Super Mario Bros. ya mwaka 1985 tutazame skrini ya mwanzo kabisa. Mario yuko kushoto, kulia kuna nafasi tupu, kwa hiyo mkono wenyewe unakwenda kulia. Kisha adui mmoja anakuja akitembea taratibu, na juu kuna boksi lenye alama ya kuuliza. Hakuna maelezo yaliyoandikwa popote. Mchezaji anajifunza kukimbia, kuruka na kugonga kwa sababu vitu vimepangwa mahali pake. Niliwahi kuicheza gemu ile bila kuona hata kimoja kati ya hayo.

Kumtazama mchezaji kunafundisha pia upande wa pili, kwamba watu huona akili mahali ambapo kuna kanuni chache tu. Katika Pac-Man ya mwaka 1980, ya Toru Iwatani, mizimu minne inaonekana kuwa na tabia nne tofauti. Mmoja anamfuata mchezaji moja kwa moja, mwingine analenga sehemu iliyo mbele yake kidogo kana kwamba anamvizia, na kuna anayesogea karibu kisha akageuka kwenda konani kwake. Mistari michache ya kanuni, na wachezaji wakawaona wana hulka. Walinzi wa gemu yetu walikuwa na kanuni rahisi zaidi ya hapo, lakini mgeni mmoja aliapa kwamba wanapashana habari. Hawakuwa wakipashana. Tulichofanya ni kumwekea mlinzi wa pili kuchelewa kidogo kabla ya kugeuka, basi ikaonekana kama ameitwa.

Mradi wa kikundi wa mwaka wa mwisho ndio ulionionyesha kazi halisi inavyokuwa. Tulikuwa na wanaoandika programu, mchoraji, mbunifu wa ngazi (yaani hatua za gemu), na baadaye tukampata kijana wa idara ya muziki. Msimbo tuliuhifadhi kwa Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inayowawezesha watu wengi kufanya kazi kwenye mafaili yale yale na kuunganisha mabadiliko yao. Kwa msimbo wa maandishi inafanya kazi vizuri sana. Lakini gemu si maandishi matupu, kuna picha, sauti, na mafaili ya ngazi ambayo injini huyaandika kwa namna isiyosomeka kirahisi. Watu wawili wakiifungua ngazi moja, mmoja akahamisha meza na mwingine akabomoa ukuta, kuunganisha kazi zao ni mtihani. Tulikubaliana kuigawa ngazi vipande vidogo, na anayetaka kufungua kipande anatangaza kwanza kwa wenzake. Utaratibu wa kawaida kabisa, lakini amani ya kikundi ilitegemea huo kuliko kitu kingine. Nimekuta kampuni zikifanya vivyo hivyo, ila wao wana programu inayofunga faili mpaka aliyelichukua alirudishe.

Hapo pia nilijifunza kuandika kwa ajili ya mwenzangu. Ukiwa peke yako, faili unaweza kuliita "mpya2_mwisho" na ukajua ni nini. Katika kikundi, jina la faili, maelezo mafupi unayoacha unapohifadhi mabadiliko, na namna unavyopanga msimbo ni mazungumzo na mtu ambaye atakuja kuisoma kazi yako wakati wewe umelala. Mchoraji wetu alitufundisha kitu ambacho sisi wa programu tusingekijua: alijaza kila mhusika rangi nyeusi tupu, akatuuliza nani ni nani. Kama huwezi kuwatofautisha kwa vivuli tu, alisema, mchezaji hatawatofautisha katikati ya vurugu. Wawili kati ya maadui wetu walichorwa upya siku hiyo.

Kijana wa muziki alikuja tukiwa tumechelewa. Mpaka wakati huo wageni walikuwa wakilalamika kwamba upanga hauna nguvu, na mbunifu alishapandisha namba za madhara mara kadhaa bila malalamiko kuisha. Kijana alisikiliza mlio wetu wa upanga, akautupa, akatengeneza mwingine wenye sehemu tatu: upepo kabla ya pigo, mshindo mzito wa pigo lenyewe, na mtetemo unaofifia. Mbunifu naye akaisimamisha picha kwa fremu chache upanga unapogusa. Wageni waliofuata wakasema, "Afadhali mmeuongezea nguvu upanga." Namba zilikuwa zile zile. Kama kuna somo ambalo wanafunzi wa programu wanalidharau na wangelipa heshima zaidi, ni sauti.

Tena kuna kupunguza. Mpango wetu wa mwanzo ulikuwa na mvua, usiku na mchana, wafanyabiashara wa kununua na kuuziana nao, na wahusika wawili wa kuchagua. Mwalimu aliyetusimamia hakutukataza lolote. Alisema anataka dakika tano zilizokamilika: zianze kwenye menyu, zichezeke, ziwe na sauti, ziishe, na mchezaji aweze kuanza upya. Ukijaribu kutimiza sharti hilo ndipo unapoona kwamba menyu ya kusitisha mchezo ina kazi yake, kuhifadhi hatua aliyofikia mchezaji kuna kazi yake, na kubadilisha sauti kuna kazi yake. Tuliondoa wafanyabiashara kwanza, halafu mhusika wa pili, mwisho mvua. Mvua ilimuuma mchoraji kwa sababu alikuwa ameichora kwa upendo, matone yenye mng'ao yanayovunjika juu ya mawe. Tukaihamishia kwenye picha ya nyuma ya menyu, ambako haikuhitaji kugusana na kitu chochote. Kikundi kilichokuwa na wazo kubwa kuliko letu kiliwasilisha dunia pana, nzuri machoni, isiyokuwa na cha kufanya ndani yake. Najua walikesha kuliko sisi, na naamini vyuo vingepaswa kutoa alama za wazi kwa kile mwanafunzi alichokubali kukiacha.

Kuna hadithi tulizosimuliwa sana darasani, na ni za kweli. Wanafunzi wa DigiPen, chuo cha Redmond katika jimbo la Washington, walitengeneza gemu iitwayo Narbacular Drop mwaka 2005. Kampuni ya Valve iliiona, ikawaajiri, na wazo lao la milango inayounganisha sehemu mbili za chumba likazaa Portal ya mwaka 2007. Jenova Chen na wenzake walitengeneza Cloud wakiwa Chuo Kikuu cha Southern California, na miaka michache baadaye kampuni aliyoianzisha na mwenzake ikatoa Journey. Celeste yenyewe ilianza kama gemu ndogo iliyotengenezwa kwa siku nne. Nisingependa mwanafunzi ajenge maisha yake juu ya hadithi hizi akitegemea kampuni kubwa imwone kwenye maonyesho. Ninachokichukua humo ni kwamba kazi zile zilikuwa fupi, zimekamilika, na mtu mwingine aliweza kukaa akazicheza. Matukio kama Global Game Jam, yanayofanyika tangu 2009, ambapo watu wasiojuana wanatengeneza gemu kwa saa 48 hivi, yanakupa mazoezi hayo hayo bila kungoja ratiba ya chuo. Nenda, na uende kwenye kikundi cha watu usiowajua.

Kuhusu ajira, wanafunzi waambiwe ukweli tangu mwanzo. Mwaka 2023 na 2024 maelfu ya watu kwenye fani hii walipunguzwa kazini duniani, wakiwemo wenye uzoefu wa miaka mingi, na wengi wao walirudi kwenye foleni ile ile anayoingia mhitimu. Zana nazo hazitabiriki. Septemba 2023 Unity, injini tuliyoisoma wengi, ilitangaza ada mpya inayohesabiwa kwa idadi ya mara gemu inapowekwa kwenye mashine za wachezaji, watengenezaji wakapinga kwa nguvu, na mwaka mmoja baadaye kampuni ikaiondoa. Katikati ya hapo wengi walihamia Godot, injini huria ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila ada. Niliowaona wakihama bila taabu ni wale waliokuwa wanauelewa mzunguko wa gemu, vekta na muda wa fremu. Waliokuwa wanajua tu vitufe vya injini moja vilipo walianza karibu upya.

Kwenye usaili wangu hakuna aliyeniuliza alama. Walinipa gemu ndogo yenye kasoro, iliyoandikwa na mtu mwingine, wakaniambia nitafute kwa nini inakwama kila baada ya muda. Ilikuwa inatengeneza risasi mpya kila mhusika anapopiga na kuitupa inapopotea, mpaka kumbukumbu inapojaa takataka na kompyuta inasimama kuzizoa. Nilipendekeza risasi zitengenezwe mara moja mwanzoni, ziwe zinafichwa na kurudishwa. Kisha wakaufungua mradi wetu wa kikundi, wakaucheza mbele yangu mpaka mwisho, na maswali yao yote yakawa juu ya wenzangu: nani alifanya sehemu hii, mlipotofautiana mliamuaje, mliondoa nini na kwa nini. Nilikuwa na la kusema kwa kila swali. Ninaowajua waliokuwa na vipande vingi vya kuvutia walivyotengeneza wenyewe, bila hata kimoja kilichomalizika, walipata shida kwenye sehemu hiyo ya mwisho.

Wengine wa darasa letu waliingia kwa mlango wa upimaji wa kasoro, na sioni kwa nini watu wanauona mlango huo kama wa nyuma. Kuandika ripoti ya kasoro inayoeleweka, hatua kwa hatua, ulichotarajia kiwe na kilichotokea badala yake, ni ujuzi ambao waandishi wengi wa programu hawana. Wachache wanatengeneza mazoezi ya kompyuta ya kufundishia madaktari na marubani, kwa injini zile zile na hisabati ile ile.

Kazi yangu ya kila siku haifanani na nilivyoota nikiwa mchezaji. Muda mwingi nashughulika na menyu, kuhifadhi mchezo, na masharti ya kampuni zinazotengeneza mashine za gemu, ambazo hazikubali gemu mpaka ipite ukaguzi wao. Kidhibiti kikizimika katikati ya pambano, gemu inatakiwa isimame na kumwambia mchezaji. Umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi, faili la zamani linatakiwa libaki salama. Sikuwahi kufundishwa hayo chuoni, na natamani yangefundishwa, hata kwa wiki moja. Lakini kila ninapopewa kazi ya namna hiyo, mkono unakwenda kwenye kile nilichozoeshwa: namtafuta mtu asiyejua ninachotengeneza, namkabidhi kidhibiti, nasimama nyuma yake na daftari.

Kwa hiyo ukichagua chuo, usianze na orodha ya programu wanazofundisha. Uliza wanafunzi wanaanza lini kufanya kazi pamoja na wa idara nyingine, uliza gemu za mwaka uliopita ziko wapi ili uzicheze, uliza ni nani wa nje huja kuzijaribu. Wakikuonyesha gemu fupi zinazoanza na kuisha, hata kama hazipendezi sana, hapo kuna walimu wanaojua kazi. Na usipopata nafasi ya chuo, tafuta mchoraji mmoja na mtu mmoja wa sauti, mkubaliane juu ya dakika tano, na mwanzoni kabisa, mraba wenu ukiwa bado mweupe, mpeni mgeni auchezee.